Mama Mguu Njiani na Mboga za Jirani

Ndugu waombolezaji, dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mama Mguu Njiani kwa sababu kukaa kitako kulimshinda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa mkulima wa vitunguu, na mimi ninayewasomea ndiye kitinda mimba aliyelelewa mgongoni mwake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akasomea upishi, na tarehe 2 Januari 1984 akaajiriwa jikoni katika shule ya bweni hapo juu, akapanda hadi kuwa mpishi mkuu. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi seremala, ambaye anaapa kwamba hawakuwahi kumaliza chai pamoja mezani, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1997, alipoona malori yakishusha kabichi zilizonyauka kutoka mbali huku za jirani zikiozea shambani, alipandwa na hasira, akamganda mkuu wa shule kama kupe mpaka jiko likaanza kununua kwa wakulima wa hapa. Loo, wakulima kwa furaha wakapanda nyanya, wote, nyanya tupu, wanafunzi wakalishwa nyanya mpaka wakamtungia wimbo usioimbika mbele ya jeneza. Tangu hapo, kila msimu kabla ya mvua, alipita shamba kwa shamba, huyu akimwambia apande karoti, yule maharage, na wengi mliopo hapa mmesomesha watoto kwa mboga hizo.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kusumbuliwa na figo, mwili ukagoma lakini yeye akakataa kutulia, na mwezi uliopita alitoroka wodini, kanga juu ya nguo za hospitali, akakutwa shambani akibishana na mwenye maharage. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, akiwa amewafikia wakulima wa upande huu tu wa mto, na neno lake la mwisho kwetu lilikuwa, "Wa ng'ambo bado."

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, hasa yule aliyemrudisha kwa pikipiki bila kumfokea, majirani na wapishi wenzake.

Ndugu zetu wa ng'ambo, tunajua mvua imekaribia na mikono inawawasha, tafadhali msipande chochote kabla ya Jumatatu, binti yake mkubwa atawapitia, alikubali jana baada ya kulia sana, anaogopa kukosea, nasi tunaogopa pamoja naye, mpokeeni.

Pumzika, dada, kwa amani.