Shati Lililokosewa la Bi Bogumiła

Tarehe 30 Septemba 2024 Bi Bogumiła Sternik, mshonaji wa Ngome ya Zawilcze, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili. Mimi Ludmiła wa jikoni nimeombwa niandike mema yake. Yapo tele, ila mnisamehe, nitaanza na ukali wake.

Alikuja mwaka 1992 akitoka kiwanda cha sare za reli. Kazi ya ngome yetu mnaijua: kuwaonyesha wageni maisha ya karne ya kumi na saba kwa kuyaishi mbele yao. Bi Bogumiła ndiye aliyeweka sharti kwamba nguo haijaisha mpaka ivaliwe siku nzima ya kazi. Unachota maji kisimani, unapasua kuni, unakanda mkate mweusi, jioni unamrudishia naye anakagua kila mshono. Aliyesahau kuvua saa ya mkononi alisikia, "Haya, mheshimiwa, treni yako ya saa ngapi?" Mkuu wa wapanda farasi, jitu zima lenye masharubu, alirudishwa na suruali yake mara nne, na mara zote nne akasema asante.

Lakini kilichompa jina ni shati la kitani. Alilinakili kutoka shati la kale tulilolihifadhi ngomeni, akaandika kijitabu cha namna ya kulikata, na majumba ya makumbusho kumi na moja yakakifuata. Kasoro ilikuwa moja tu: mashati hayo yalichanika kwapani. Langu lilichanika kila nilipokanda unga. Nililalamika miaka saba. "Ludmiła mwenzangu," ananijibu, "watu wa zamani hawakula maandazi kama wewe." Jiko zima likacheka, nami nikacheka, ingawa iliniuma.

Mwaka 1999, wiki moja kabla ya sherehe ya kumpa nishani kwa kijitabu kile, alilitoa shati la kale ili lipigwe picha. Kwapa moja lilikuwa na kipande cha mraba ambacho siku zote alidhani ni kiraka cha mtu aliyechanikiwa, kwa hiyo hakukitia kwenye michoro yake. Siku hiyo akageuza na kwapa la pili. Kipande kilekile, uzi uleule wa shati zima. Maskini! Hakikuwa kiraka hata kidogo. Kilishonwa tangu mwanzo ili mkono upate kuinuka.

Alinijia jikoni kunionyesha, uso umempauka. Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa ameshamshauri anyamaze mpaka nishani ipite, nani angejua? Nami nilimwambia hivyohivyo, maana nilimwonea huruma. "Wewe ungejua," akasema, "kila ukikanda."

Siku ya sherehe alipanda jukwaani na shati la kale mkono mmoja, lake mkono wa pili, akasema amekosea na amewakosesha wengine, akashuka bila nishani. Makumbusho yote kumi na moja aliyaandikia barua kwa mkono wake. Kisha akafumua mashati sitini na mawili, moja baada ya jingine, akatia vipande kwapani. La kwanza kumaliza lilikuwa langu. Nililivaa, nikainua mikono juu, halikuchanika. Nikalia kama mtoto.

Tangu hapo amefundisha washonaji tisa, na wote, kabla hawajashika mkasi, huambiwa wageuze pande zote mbili.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa maua, akakataa na saa ya ukutani. Aliomba shati moja ambalo hakulifumua liwekwe kwenye kabati la kioo, kando ya lile la kale, wanafunzi wayaone pamoja. Juzi tulilizindua. Maelezo yake aliyaandika mwenyewe, nami sikuyasoma mpaka pazia lilipoondolewa: "Limeshonwa na Bogumiła Sternik, na limekosewa. Mpishi alisema tangu mwanzo."

Asante kwa yote, dada yangu. Ngome nzima inakuombea afya na siku njema nyingi, na sisi wa jikoni tunakupenda sana.