Samaki wa Irja na Saa ya Ukutani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni kamili, Bi. Irja Lehtola anastaafu baada ya kuisumbua Idara ya Picha ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na sita. Hiyo saa kumi kamili nimeiandika mimi. Yeye mwenyewe hajawahi kumaliza kazi yoyote kwa wakati, na sitegemei aanze siku ya mwisho.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Gord Pelletier, niandike wasifu huu kwa kuwa nimekuwa msimamizi wake kwa miaka kumi na tisa na hivyo namjua kuliko wote. Ni kweli. Faili lake ndilo nene kuliko yote kabatini, na karibu kila karatasi iliyomo niliiandika mimi, nikilalamika.

Irja alizaliwa huku huku kwetu Kanada, kaskazini mwa Ziwa Superior, katika ukoo wa Wafini waliokuja kutoka Ufini kukata magogo wakabaki kwa ajili ya sauna, lile bafu lao la mvuke. Alianza kazi enzi za filamu, picha zilipokuwa zikioshwa kwa dawa kwenye chumba cha giza na kuanikwa kama soksi. Tulipoletewa mashine ya kwanza ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, alipelekwa kozi ya wiki mbili pamoja na wenzake. Wenzake walirudi na vyeti. Irja alirudi na cheti na maswali kumi na manne kwa waliomfundisha. Matatu bado anayasubiria majibu.

Utaalamu wake, kama anavyopenda kutukumbusha tukiwa tunakula, ni macho ya wagonjwa wa thairoidi. Tezi hiyo ya shingoni ikiharibikiwa, kinga ya mwili inaweza kuigeukia misuli iliyo nyuma ya macho. Misuli inavimba, jicho linasukumwa mbele, na mwenye jicho anabaki na sura ya mtu aliyepewa habari mbaya kabla ya kifungua kinywa. Daktari anayaona ya nje. Ya ndani ya fuvu, yaani unene wa kila msuli na nafasi iliyobaki kwa neva inayopeleka picha kwenye ubongo, yanahitaji mashine. Na mashine, kwa mujibu wa Irja, inahitaji kichwa kilichonyooka na jicho lililotulia. Jicho likigeuka pembeni, msuli unaolivuta hujikaza na kunenepa, na anayesoma picha anapima uongo.

Kwa hiyo, katika mwaka wa pili wa utawala wangu, Irja alikwenda kwenye duka la chambo, akanunua kibandiko cha samaki mwenye kofia, akakibandika ndani ya mashine mpya kabisa, juu, mbele ya macho ya aliyelala chali. Kila mgonjwa wa macho aliambiwa maneno yale yale: "Mtazame samaki, mpenzi. Ukimwacha tu, mimi nitajua."

Nilikibandua, nikaandika waraka kuhusu usafi wa vifaa. Akabandika kingine. Hadi kufikia majira ya joto ya mwaka juzi tulikuwa na nyaraka kumi na moja na samaki kumi na mmoja, na hakuna upande uliokuwa umechoka. Waraka wa saba, ambao najivunia hadi leo, una kurasa tatu na mchoro.

Ugomvi wetu wa pili ulikuwa muda. Nilipanga dakika kumi na mbili kwa kila mgonjwa, nikaning'iniza saa kubwa ukutani, mkono wa kulia wa anayelala kwenye mashine, ili pasiwe na mtu wa kusingizia kwamba hakuiona. Irja alitumia dakika ishirini na tano. Alikunja taulo, akaziegemeza kwenye mashavu ya mgonjwa, akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama seremala, akaanza upya. "Shusha kidevu. Siyo hivyo, mpenzi, hivyo ni kwa kinyozi." Mimi nilisimama mlangoni nikigonga kalamu kwenye ratiba.

"Irja, watu wanasubiri huku nje!"

"Si wana viti, bosi? Waache wasubiri vizuri," alinijibu, bila hata kugeuka.

Sasa nafika Agosti ya mwaka juzi, ambayo kamati imenishauri niipitie haraka. Kamati inisamehe.

Wakati huo nilikuwa natibiwa thairoidi, na macho yangu yalikuwa yametoka kiasi kwamba watu mkutanoni walidhani nimeshangazwa na hoja zao, jambo ambalo halijawahi kutokea. Daktari wa macho aliagiza picha. Irja alikuwa likizoni, kambini kwake, kijumba cha mapumziko kando ya ziwa, akichuma beri na kujichemsha kwenye sauna, na mimi nikaona hiyo ni bahati yangu. Samaki nilishambandua siku ile ile alipoondoka. Mwenzetu Brielle Kowalchuk, mtu mwenye adabu na mwaka mmoja kazini, akanipiga picha kwa dakika kumi na moja. Nilimpongeza mbele ya wote. Nilijua ni kumi na moja kwa sababu nilizihesabu.

Ripoti ilisema hivi: picha zimetikisika kidogo, msuli mmoja wa jicho la kushoto, ule wa upande wa pua, ni mnene, hakuna la haraka, zirudiwe baada ya miezi mitatu. Nikaitia kwenye droo. Jicho lenyewe lilikuwa limeanza kuona ukungu, lakini mimi ni mtu wa karatasi, na karatasi ilisema hakuna la haraka.

Jumatatu Irja akarudi na boksi la persiani, yale maandazi yetu yenye sukari nyekundu ya matunda ya rasiberi juu. Alinitazama usoni, akaliweka boksi mezani, akaenda kufungua picha zangu bila idhini. Hilo ni kosa la kinidhamu. Kisha akaniita mbele ya wafanyakazi wote.

"Bosi, siku ile ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natazama mbele."

"Mbele kuna nini, na samaki wangu umemtoa? Hebu ona. Macho yote mawili yameelekea kulia." Akaweka kidole kwenye skrini. "Ulikuwa unatazama saa!"

Brielle akacheka, halafu akakumbuka mimi ni nani, akaendelea kucheka kwa adabu.

Ilikuwa kweli. Ule msuli mnene ulikuwa ukifanya kazi yake tu, ukilivuta jicho langu kuelekea saa niliyoitundika mwenyewe. Ripoti ilikuwa imeupima uharaka wangu badala ya ugonjwa wangu. Niliomba nirudi ofisini na heshima iliyobaki, lakini Irja alikuwa ameshachukua persiani moja, na mkono wake wa pili umeniziba jicho la kushoto.

"Sukari hii rangi gani?"

"Nyekundu. Tuna wagonjwa kwenye ratiba, Irja."

Akahamisha mkono, akaziba la kulia. "Na sasa?"

Andazi lilikuwa lile lile, lakini wekundu wake ulikuwa umekwenda. Lilionekana kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Nilimwambia ni ya kijivu.

"Neva ya jicho ikibanwa, wekundu ndio hukimbia kwanza. Kalale kwenye mashine. Sasa hivi."

"Na wagonjwa?"

"Watasubiri vizuri."

Niliogopa. Naliandika hilo kwenye jarida la wafanyakazi ili asiyejua ajue: msimamizi wenu aliogopa kama mtoto. Irja alibandika samaki wa kumi na mbili, akakunja taulo, akafumba jicho lake la useremala, akaninyoosha kidevu. Brielle anasema ilichukua dakika thelathini na moja. Mimi sikuhesabu. Nilikuwa namtazama samaki.

Safari hii picha zilitulia. Mbele, mambo yalikuwa ya kawaida kwa ugonjwa huu. Lakini kadiri vipande vilivyokwenda nyuma, kule tundu la jicho linapobana na kuwa kama mdomo wa chupa, misuli yote ilikuwa imevimba na neva imebanwa katikati, bila nafasi hata ya uzi. Irja alimpigia simu daktari anayetusomea picha kule Toronto na kukataa kukata simu mpaka daktari azifungue, yeye akisikiliza. Jioni ile ile nilikuwa kwenye ndege ya kwenda huko. Walinitundikia dripu ya dawa ya kupunguza uvimbe, na siku chache baadaye wakaondoa kipande cha mfupa mwembamba ili neva ipate kupumua. Daktari wa upasuaji alisema ningechelewa wiki mbili au tatu zaidi, jicho la kushoto lisingerudi. Ripoti iliyokuwa kwenye droo yangu ilinipa miezi mitatu.

Wasifu kama huu huorodhesha tuzo. Irja hajawahi kuwa Mfanyakazi Bora wa Mwaka hata mara moja, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati hiyo ni mimi na vigezo vilikuwa ni kasi na utii. Amefundisha wengi, na wote ni wapole na wachelewaji. Brielle sasa anatumia dakika ishirini na sita.

Zawadi ya idara ni nyaraka zangu zote kumi na moja, zimefungwa kwa utepe, za kuwashia jiko la sauna kule kambini. Wa saba uwekwe juu, karatasi yake ni nzito na itawaka vizuri. Saa haipo tena ukutani. Kuna waraka wa kumi na mbili umebandikwa mlangoni, wenye maneno mawili na sahihi yangu: Samaki asiguswe.

Asante, Irja, kwa kila dakika uliyonichelewesha. Uwe na afya na beri za kutosha, na siku zako ziende polepole, kama ulivyozoea. Persiani za sherehe zimeshafika, ziko mbele yangu ninapoandika. Nimeziba jicho la kulia na kuzitazama. Ni nyekundu.