Bodi ya Matundu Manne

Mpiga video wa harusi aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa amepakata kompyuta ya mezani iliyonuka plastiki iliyoungua. Mama wa makamo aliyekaa kando yake, mwenye ovaroli ya fundi umeme, alimuuliza, "Mwanangu, imekuwaje?"

"Bodi imeungua, mama, ile sahani kuu ya ndani. Nilichomeka kadi nne za kuchakata picha ili nimalize haraka video ya harusi ya shemeji."

"Zinapata wapi umeme?"

"Kwenye matundu ya bodi. Nyaya zinaharibu sura." Akatuonyesha ubavu wa kioo na taa za rangi. Taa zenyewe hazikuwaka, lakini tulimwelewa.

"Matundu yote yananyonya umeme wa plagi moja, ndiyo iliyoyeyuka. Bodi haikuwa na plagi ya kuongezea umeme?"

"Ilikuwepo. Niliifunika kwa stika."

Mama alishika kichwa.

"Lakini matundu ni manne!" kijana alilalamika. "Mtu akikuwekea viti vinne, si amekualika na wenzako watatu?"

"Amewaalika kukaa, baba. Chakula mlikuja nacho?"

Sisi wengine tukajifanya tunatazama nje.

"Na hiyo video ya harusi?" mama akauliza.

Sauti ya kijana ikashuka. "Imo humu humu. Wakwe zake shemeji wanakuja kuitazama leo."

"Maskini! Utawaambia nini?"

"Umeme ulikatika."

"Haukukatika, ulizidiwa!"

"Wao watajuaje, mama?"

Treni ikasimama. Kijana akateremka, kisha akageuka kwa furaha. "Nimeona bodi nyingine dukani, ina matundu sita!"

Mama akafungua mdomo, na mlango ukafungwa.