Mguu Ulionikalisha Barazani kwa Amiri

Adila, Hamidu, sogeeni wanangu, mnisikilize kabla sindano ya huyu muuguzi haijanichukua, maana mimi Mtoro, baba yenu, naingia chumba cha upasuaji nikiwa na akili zangu timamu.

Kiwangwa nzima wananisifu eti Mzee Mtoro ni mtu wa watu, akienda msikitini hapiti mlango bila kusimama kuulizia watoto, kuku na mihogo. Uongo mtupu. Nikitembea kidogo kigimbi kinakaza kwa maumivu, nikisimama kinaachia, sasa mtu mzima nisimame njiani nimeduwaa? Nikawa nasalimia. Ni wewe, Adila, uliyenikamata nikipiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahamia Lugoba.

Ukaanza kunizungusha. Daktari wa kwanza akapiga picha goti, akakuta goti halina ubovu. Wa pili akanipa vidonge vya maumivu. Hukukoma mpaka ukampata huyu Daktari Nasrin hapa Dar es Salaam, aliyenishika unyayo tu, akakosa mapigo ya damu, akasema mshipa wa damu wa pajani umeziba, usipozibuliwa mguu utakatwa. Mungu akulipe, mwanangu, mimi ningesalimia mpaka kaburini.

Shamba la mananasi ni lenu wote, gawaneni kisheria, na wewe Hamidu usijitie ukubwa kwa dada yako. Mikorosho miwili ya mpakani msiiguse, ni ya baba yenu mdogo Amiri. Ndiyo, hiyo hiyo iliyotufanya tununiane miaka saba. Nilijua tangu mwanzo kuwa ni yake, ubishi tu.

Na hili ndilo linalonikaa rohoni. Mwaka jana nilikaa barazani kwake kwa sababu mguu ulinigomea pale, wala sikuwa na nia ya kupatana. Akatoka, akaniona, akalia jamani, akaniletea kahawa akidhani nimekuja kuomba radhi. Nikaona haya kumwambia. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa.

Ulimi umekuwa mzito... Mungu awape afya, awaweke pamoja, awape watoto wa kuwasumbua kama mlivyonisumbua. Nikitoka humu nitamwambia mwenyewe. Nisipotoka, Hamidu... nenda kwa Amiri, umpe mkono, umwambie siku ile ya kwanza ulikuwa mguu. Siku nyingine zote... nilimfuata yeye.