Chakula cha Mkwe

Kwenye treni ya Bungoma, mwaka wa tisini na mbili, Wabwile alimsomea gazeti Dinah, mama aliyeketi mbele yake: Kenya na Uganda zitashirikiana, wachochezi wasivuke mpaka.

“Kushirikiana gani!” Dinah akafoka. “Mkwe wangu Mganda alivuka mbio kutuonya, ati watu wa kufundisha vijana kuchoma majirani wanashuka mlima. Tukapona. Sasa ni yeye amewekwa ndani hapo Bungoma, ati ni mchochezi! Na bibi yake, binti yangu kule Uganda, hawezi kumletea chakula, mpaka mmefunga!”

Wabwile, ambaye hakuwa amefunga hata dirisha, akauliza, “Si umpelekee wewe, mama?”

“Tangu lini mama mkwe akamtazama mkwe usoni? Wewe si Mbukusu, bana?”

Wabwile akalikunja gazeti. Treni iliposimama Bungoma, Dinah alivuta sufuria ya kuku kutoka chini ya kiti, akajitanda leso mpaka machoni, akashuka.