Maji ya Vuguvugu kwa Mama Yasmini

Kijiwe cha Kondo kiko Kunduchi, ubavuni mwa duka la vifaa vya bomba, na kahawa yake huanza kumiminwa watu wakitoka kuswali alasiri. Siku ile ya Julai, kipupwe kikipuliza, Didas alifika na mawazo kibao. Alikuwa fundi bomba wa miaka mingi, lakini kazi aliyopewa na Mama Yasmini, mwenye kituo cha mazoezi ya viungo, alikuwa hajawahi kuifanya: kupasha joto kwa jua bwawa dogo wanamofanyia mazoezi watu waliopigwa na kiharusi. Asubuhi maji yalikuwa ya baridi mno, wagonjwa wakikakamaa badala ya kulegea, na wengine walishaacha kuja.

Aweke paneli za vioo, au mabomba meusi ya plastiki yanayotandazwa juu ya bati, pampu ikiyapandisha maji yakapate joto na kuyarudisha bwawani?

Suleiman, waliyemwita Profesa kwa kuwa hakuna jambo asilolijua, alisema mabomba yanatosha. Mwishehe, yeye waliyemwita Sajenti, akapinga: jua la Julai linachoka mapema, bila kioo cha kulizuia linatoroka.

— Kama ni kioo, mie ningetundika vya kujitazamia paa zima, Profesa akageuza maneno. Jua likipiga pale, linarukia bwawani lenyewe. Pampu ya nini?

— Paka bwawa lote rangi nyeusi, braza, Sajenti akadakia. Maji yatafuka mvuke mpaka Krismasi.

Kufika kikombe cha tatu walishaipasha joto pwani nzima hadi Bagamoyo, na Didas, macho nusu yamefumbwa, akawa anaiona bahari ikifuka kama chai ya maziwa.

Pembeni alikuwa amesimama Mwanabaraka, mama mgeni aliyekuja kuulizia kwa Mama Yasmini. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja miezi kadhaa.

— Samahanini, kaka zangu. Katika nyie, nani ameshaingia kwenye hayo maji?

Kondo akajifanya anapuliza mkaa.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Didas aliomba ruhusa kwa Mama Yasmini, akavua shati, akaingia. Baridi ilimuuma mpaka kwenye fizi. Akashika ukingo, akalala chali kama wagonjwa wanavyofundishwa, masikio ndani ya maji, na dunia ikanyamaza. Akatazama juu. Paa la nyumba kubwa, alilokwisha kulipima kwa ajili ya mabomba, lilikuwa limezama kwenye kivuli cha ghorofa la jirani. Alitoka, akaota jua, akaingia tena. Saa nne kivuli kilikuwa bado pale. Paa dogo la vyumba vya kubadilishia nguo ndilo lililong'aa muda wote.

Akatandaza mabomba meusi juu ya hilo dogo, na akashonesha turubai la kulifunika bwawa usiku joto lisipotee.

Wiki iliyofuata Mwanabaraka alimleta mumewe. Walimshusha taratibu, Didas akimshika kwapa, maji yakawafika kifuani, vuguvugu. Vidole vya mkono wa kulia wa mgonjwa, vilivyokunjana tangu Ramadhani, vikaanza kufunguka kimoja kimoja, naye akafumba macho kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Mama Yasmini, aliyesimama ukingoni, akatazama saa yake.

— Muda wake bado haujaisha, Mwanabaraka alisema kwa sauti ya chini. Mwacheni kwanza.