Nélida Etcheverry na Seli Zilizopewa Nafasi

Nélida Etcheverry Bentancor alizaliwa Paysandú, Uruguay, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tano kati ya tisa. Alilala kitanda kimoja na mdogo wake Elvira, anayewasomea haya, na aliapa kwamba akikua atakuwa na chumba chake.

Mwaka 1974 alihitimu ufundi wa maabara Montevideo. Chumba akakipata.

Tarehe 9 Septemba 1983 aliolewa na Wilmar Olivera, fundi aliyekuja kutengeneza kabati la joto la maabara. Hawakujaliwa watoto. “Seli unazilisha hata Jumapili, mimi je?” Wilmar alilalamika. “Wewe una mikono,” akajibiwa. Wilmar alifariki mwaka 2015.

Kwa miaka thelathini na miwili Nélida alitunza seli shina za ubongo wa panya, zile ambazo bado hazijawa seli za neva. Mwaka 1988 alizionea huruma kwa kubanana, akazitawanya kwenye sahani kubwa. Baada ya wiki moja karibu zote zilikuwa zimekomaa, na hazikugawanyika tena. Akiba ya miaka minne ikaisha.

“Nélida, umefanya nini?” profesa wake aliuliza.

“Nimezipa nafasi, Profesa. Zilikuwa zinabanana, maskini.”

Alilia siku mbili, kisha akaanza upya. Hakusahau tena kwamba seli shina hubaki shina kwa sababu jirani anaigusa: protini za ngozi zao hushikana, na ujumbe huingia hadi kwenye kiini, ukisema usikomae bado. Wataalamu huiita njia hiyo Notch. Yeye aliiita kusukumana.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Elvira alimkodia nyumba tulivu karibu na hospitali. Nélida alizirudisha funguo.

“Mnataka kunipa nafasi? Kosa hilo nilishalifanya mimi. Nisogezeeni huko kwenu.”

Akahamia kwa Elvira, kwenye watu wanane na choo kimoja, akagombea kibuyu cha chai ya yerba na wajukuu wa Elvira. Madaktari walikuwa wamempa miezi mitatu. Aliishi kumi na mmoja.

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, Elvira akiwa amejibanza kitandani pembeni yake. “Sogea huko, unanibana,” alimwambia. Elvira hakusogea.

Ameacha dada mmoja, kaka wawili, wapwa kumi na saba, na sahani sita za seli ambazo wenzake wa maabara wamezilisha leo kabla ya kuja hapa.

Msimamizi wa makaburi alishauri apewe kaburi lake mwenyewe, pana. Elvira amekataa. Nélida analazwa katika kaburi la ukoo, pamoja na Wilmar, wazazi na ndugu watano. Ni jembamba. Apumzike humo, amebanana na watu wake.